Jina la Nyemo kwa Wino Mwekundu

Saa kumi na robo alasiri, Jumapili moja baada ya mavuno ya karanga, Bwana Devji alichovya kalamu katika wino mwekundu akaandika jina la mtoto aliye hai. Saa hiyo naijua kwa sababu kuijua ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Kila kidau cha wino tulichokipata niliandika mahali kilipotoka, saa, na mtu aliyekuwa nacho, na kwa ajili hiyo aliniachia saa yake ya mfukoni kila tulipotoka. Nilikuwa nimeiangalia punde tu. Sikuona kalamu ikichovywa. Nilikuwa chumba cha ndani na bibi wa mtoto huyo. Nilichosikia ni ukimya. Watu waliokuwa wakitaniana uani walinyamaza wote kwa pamoja, nikamsikia hata kuku akiparua chini ya ukuta, na nikajua kuwa nje kumetokea jambo baya kabla sijajua ni jambo gani.

Mwezi uliopita niliingia katika duka la mtoto wa kaka yake Bwana Devji, hapa Dodoma, kununua betri za redio, naye akaniambia kwamba mzee amefariki huko ng'ambo alikohamia. Alinivutia kiti, akaagiza chai, nikampa pole kama inavyopasa. Kisha akaniuliza jambo moja. Utoto wake aliupitisha katika duka la mzee kule Mpwapwa, na hakuwahi kuona chupa ya wino mwekundu ikiuzwa pale, ingawa wa bluu na mweusi ulikuwapo siku zote. Walimu walikuja kuutafuta kwa ajili ya kusahihishia, wakaambiwa waende duka la jirani. Je, mimi niliyefanya kazi pale tangu usichana wangu, najua sababu? Nilimwambia najua, lakini si jambo la kusimulia kaunta wateja wakisubiri. Nilimwambia nitaliandika. Nimezoea kuandika mambo kwa mpangilio, na hili nimelikwepa kuliko yote, kwa sababu kila nikilianza narudi kuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Mwaka huo nilikuwa nachambua karanga katika ghala la nyuma ya duka. Shule niliacha mapema. Yaliyobaki nilijifunza kwenye maandishi ya magunia, kwenye makopo, na kwenye magazeti ya kufungia sukari, ambayo niliyasoma kabla ya kuyakunja. Bwana Devji aliniona nikisoma gazeti lenye doa la mafuta, akanisubiri nimalize ukurasa, ndipo akaniita nikione chumba chake. Kilikuwa chumba cha mtu asiye na mke: kitanda cha chuma, picha ya mungu wao yenye shada la maua makavu, na ukutani, kutoka pembe hadi pembe, ubao uliobeba vidau vya wino. Sikuwa nimewahi kuona vyombo vidogo vingi hivyo visivyo na kazi. Vingine vilikuwa vya udongo mgumu wa kahawia, uliochomwa mpaka ukawa kama jiwe, na midomo yake imebanwa kidogo ili wino umiminike bila kudondoka. Vingine vilikuwa vya kauri nyeupe, vidogo kama ganda la yai lililokatwa, vya kutumbukizwa katika tundu la dawati la shule. Alinifundisha kuvigonga kwa ukucha na kusikiliza: kizima hulia, chenye ufa hujibu kwa sauti ya mbao. Alinifundisha kulowesha kidole gumba na kusugua chini, mahali fundi alipopiga mhuri. Nilimuuliza anavipendea nini. Alisema hakuna chombo kingine kinachokaa karibu na mtu wakati anafikiri.

Vingi vilikuwa vya enzi ya Mjerumani. Vita ilipofika, maofisi yaliachwa wazi, watu wakachukua walichoweza, na wanawake waligundua kuwa vyombo hivyo havivuji. Wakatia samli, wakatia ugoro, wakatia mafuta ya nyonyo ya kumpaka mtoto mchanga. Kwa hiyo miaka arobaini baadaye vidau vilikuwa katika vyumba vya ndani vya tembe, nyumba zetu za udongo za Ugogo, nyuma ya mapipa ya uwele, mahali ambapo mwanamume mgeni haingii, na Mhindi hata hafikiriwi kuingia. Ndiyo maana alinihitaji. Jumapili tulipanda gari lake, yeye akakaa uani kunywa maziwa na wazee, mimi nikaingia ndani na wanawake. Hatukutoa fedha. Tulitoa chupa mpya ya kioo yenye kizibo na sukari ya kujaza kopo, na mwenye kidau aliyekuwa bado anakipenda tulimwachia. Kabla ya kukubali chombo nilikinusa ndani, ili niandike kilikuwa kimehifadhi nini. Tabia hiyo ya kunusa ndiyo iliyonitia matatani kwanza.

Mwaka huo kulikuwa na maneno ya mumiani. Yalikuja na reli, yakashukia stesheni ya Gulwe, yakatembea kwa miguu hadi kwetu. Walisema liko gari linalopita bila taa. Walisema watu wanakamatwa, damu yao inatolewa, inapelekwa mbali kutengenezwa dawa ya wakubwa. Mtu aliyekwenda stesheni peke yake alipanda juu ya mti akalala huko hadi kulipokucha, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimesoma kitu fulani gazetini kuhusu damu na hospitali. Kisha siku moja kisimani nilisikia wanawake wawili waliokuwa wamenipa kisogo. Mmoja alisema yule Foibe wa Mhindi anaingia vyumbani, anaomba vidude vya udongo, anaviingizia pua. Mwingine akauliza, ananusa nini? Niliposogea, wa pili alimpandisha mtoto wake mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Nitakiita kijiji cha Bibi Matika, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kile kidau. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa Kigogo na akaendelea kwa Kigogo hadi mwisho. Alikuwa na kidau cha udongo wa kahawia, kirefu kama kiganja, kimezibwa kwa nta na kuning'inizwa kwenye boriti kwa kamba ya ngozi. Nilipokitikisa, kitu kikavu kiligonga ndani. Alimpa mjukuu wake, Nyemo, msichana wa miaka kama sita, akampelekee yule Mhindi nje akitazame. Mtoto alitoka amekishika kwa mikono miwili, akitembea polepole kama aliyebeba moto. Ndipo bibi akanihadithia. Mumewe alikuwa tarishi ofisini. Katika njaa kubwa iliyofuata vita, karani alizunguka vijijini na daftari la kodi. Aliyekufa alipigwa mstari mwekundu. Baadaye wafu wakazidi, karani akaacha mistari, akawa anaandika majina yao upya kwa wino mwekundu katika kurasa za mwisho. "Mume wangu akakichukua kidau kile usiku," alisema Bibi Matika. "Alisema karani akikosa wino, watu watapumzika kufa."

Hapo ndipo kulipotulia nje. Yaliyotokea nilisimuliwa na watu wengi, na wote walikubaliana. Nyemo alipofika na kidau, mjomba wake Ndahani, kijana mwenye maneno, aliuliza, "Bwana Devji, siku hizi unanunua damu kavu?" Watu wakacheka, naye Bwana Devji akacheka kuliko wote. Alibandua nta kwa kisu, akachungulia, akaomba maji ya kunywa katika kibuyu. Aliyadondosha ndani, akakoroga kwa njiti, na wino wa Mjerumani ukaamka. Alitaka kuwaonyesha kuwa ni wino tu. Alitoa karatasi nyeupe na kalamu ya nibu aliyotembea nayo, akamuuliza mtoto jina, akaliandika kwa herufi kubwa nzuri alizojivunia, akaweka kando yake alama ndogo ya kwao ya heri. Kisha akampa kwa mikono miwili, ameinama.

Nilitoka nikamkuta Nyemo ameshika karatasi kwa pembe zake ili isichafuke. Alikuwa anatabasamu. Bwana Devji pia alikuwa anatabasamu. Hakuna mwingine. Mama yake alimjia, akaitoa ile karatasi vidoleni mwa mtoto, hakuichana wala kuikunja. Ndahani hakuwa na utani tena. Aliniambia mimi, hakumwambia yeye: "Foibe, mwambie bwana wako afute." Bwana Devji akauliza afute kwa nini, wino mzuri huu, miaka yote hiyo na bado unaandika. Nilimshika mkono wa shati, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamwongoza hadi garini. Hatukuzuiwa na mtu. Niliogopa zaidi kwa sababu hatukuzuiwa.

Njiani nilimweleza. Alisimamisha gari katikati ya barabara, injini inaunguruma, akaitazama mikono yake. Akaniambia kwamba kwao, siku ya sita baada ya mtoto kuzaliwa, huwekwa karatasi tupu na kalamu ya wino mwekundu karibu na kitanda chake, ili mungu aje bila kuonekana aandike maisha yatakayokuwa yake. Harusi huandikwa kwa wekundu. Daftari jipya la duka hufunguliwa kwa wekundu. "Nimempa mtoto yule kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo," alisema. Nilimjibu kwamba kule nyuma hakuna hata mmoja anayejua hivyo, na wote wanalijua daftari la kodi, kwa sababu hadi leo karani wa baraza anawapigia wafu mstari kwa wino uleule. Tulifika Mpwapwa. Dada yake, Motiben, alitupakulia wali uliopikwa na choroko na maziwa ya mgando, nami nikala ghalani kama kawaida, mgongo ukiegemea magunia. Niliwasikia kupitia ukutani wakizungumza kwa lugha yao. Nilikuwa nimeshajifunza maneno machache. Nilisikia jina langu, nikasikia treni, nikasikia Gulwe, na nikasikia kijiko kikiwekwa chini na mtu ambaye hakuwa amemaliza kula.

Wiki haikuisha. Ndahani alikuja dukani asubuhi, akasimama kando ya mizani, hakununua chochote. Wateja wawili waliokuwapo waliweka bidhaa chini wakatoka. Alisema mtoto ana homa na hali chochote. Bwana Devji akaanza kuzungumza haraka haraka juu ya vidonge na juu ya gari, lakini Ndahani alimsubiri anyamaze. "Dada yangu amenituma swali moja," alisema. "Anauliza umemwandikia siku ngapi." Nimesikia vitisho vingi maishani, vya ulevi na vya wakubwa, na hakuna kilichonitisha kama swali lile, maana halikuwa kitisho. Mama alitaka tu kujua ajiandae lini.

Baada ya hapo sikuwa na mahali pa kuweka macho. Kisimani, nikiweka ndoo, wenzangu walitoa zao. Mlango wa duka ulipakwa udongo mwekundu, na Motiben aliuosha kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu vibarua hawakutaka kuugusa. Mwanamke niliyepanga kwake, Mama Samweli, mtu mwema aliyenifundisha kushona, alikuja akaketi kwenye mkeka wangu akiwa amepakata nguo zangu zilizokunjwa. "Mwanangu, mimi sikuogopi," alisema. "Nina watoto tu." Nikahamia ghalani. Nililala juu ya magunia ya karanga nikisikiliza kila nyayo mtaani, na nilikuwa na hesabu moja tu kichwani, ambayo kila mtu Mpwapwa alikuwa nayo: Nyemo akifa, ile damu kavu itakuwa damu kweli, Mhindi atakuwa mumiani kweli, na mimi nitakuwa yule aliyemwonyesha watoto walipo.

Motiben alitaka waende Dodoma kwa treni na mambo mengine wayaachie polisi. Alikuwa ameshafunga sanduku. Bwana Devji alikuwa chumbani, akifunga vidau kimoja kimoja kwa magazeti, na nilipoingia niliona nusu ya ubao iko wazi. Nilimwambia kwamba yeye ana treni, mimi sina. Nilimwambia tukikimbia mtoto akafa, watakuja kwangu. Tukikimbia akapona, watasema amepona kwa kuwa mumiani ameondoka, na sitarudi tena kisimani maisha yangu yote. Aliendelea kufunga kile alichokuwa nacho mkononi hadi akamaliza, kwa maana alikuwa mtu wa kumaliza. Kisha akaketi kitandani.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Naogopa."

"Mimi pia. Basi twende tukiwa tunaogopa. Nikingoja niache kuogopa, mtoto hatanisubiri."

Tulipofika kijijini niliingia ndani peke yangu kwanza. Nyemo alikuwa amelazwa juu ya ngozi, macho wazi, midomo imepasuka. Alikuwa na joto, lakini nimeona watoto wenye joto zaidi wakiomba maji na kulia. Huyu hakuomba. Kilichonitisha ni nyumba yenyewe. Moto ulikuwa umezimika. Mama yake alikuwa amevua ushanga na kunyoa nywele, na wanawake wengine walikaa kando ya ukuta kama wanavyokaa watu waliotoka makaburini. Ile karatasi ilikuwa imelazwa chini ya bakuli lililofunikwa, mahali ambapo mtoto aliweza kuliona bakuli. Nilipoinama nikamuuliza anaumwa wapi, alinijibu kwa utulivu, kama mtoto anayemweleza mgeni jambo la nyumbani kwao: "Mimi nimeandikwa." Vidonge vya kwinini nilivyoleta mama yake hakuvipokea. Hakunikaripia. Aliuliza kuna faida gani.

Bibi Matika alikuwa pembeni, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na hasira. Hasira yake ilinipa nguvu. Ilikuwa kitu cha watu wazima katika chumba kilichokuwa kimeshakata tamaa. Aliuliza kama karani wa sasa ni yuleyule aliyempiga mstari Chihoma. Wakamwambia ni yeye. Chihoma alikuwa jirani aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, akapotea miaka, akafutwa kwa wekundu, mkewe akaomboleza. Akarudi akiwa na baiskeli. Karani akamwandika upya kwa wino mweusi, Chihoma akalipa kodi, akapewa risiti, na alikuwa bado yuko hai, amenenepa, anapenda pombe. Bibi aliyasema haya yote akiwa anajifunga nguo kiunoni. Kisha akatoka uani, akamwambia Bwana Devji kupitia kwangu kwamba ameandika vibaya na sasa ataandikisha vizuri, na alete gari.

Karani Yoeli alikuwa na ofisi ya chumba kimoja katika baraza la jumbe, meza yenye kitambaa cha kijani, chupa mbili za wino, mweusi kulia, mwekundu kushoto. Nilijaribu kutoitazama ya kushoto. Tulimlaza Nyemo kwenye benchi, kichwa mapajani mwa mama yake, na watu wa kijiji waliofuata kwa miguu wakajaa mlangoni na dirishani hadi chumba kikawa giza. Nilieleza. Karani alinisikiliza akisugua kalamu kwa kitambaa, na niliona kwamba yeye pia anaogopa, ila anaogopa kitu kingine. Alisema daftari linakwenda Boma, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, analikagua. Alisema mtoto halipi kodi. Alisema mtoto wa kike hatalipa hata akikua. Akiliingiza jina hilo atafukuzwa kazi, na ana nyumba ya watu tisa.

Bibi Matika alimjibu akiwa amesimama, mkono juu ya meza. "Mtoto wa kike anaweza kufutwa?"

Karani alilivuta daftari karibu na kifua chake.

"Kama anaweza kufutwa," alisema bibi, "basi ataandikwa."

Jumbe, mzee mnene aliyekuwa amekaa nje muda wote akijifanya hayamhusu, alisema bila kugeuka kwamba karani aandike, na akiulizwa aseme ni yeye aliyeamuru. Sijui kama alikuwa jasiri au alikuwa amewaangalia watu waliojaa mlangoni. Karani Yoeli alifungua daftari. Alichovya kulia. Aliandika Nyemo, akauliza jina la baba, akaandika la baba, na kila herufi ilipokwisha nilisikia pumzi za watu dirishani. Bwana Devji alihesabu shilingi kumi na mbili, kodi ya mwanamume mzima. Karani aliandika risiti, akapiga mhuri, akaangalia ni nani wa kumpa. Sote tulimwonyesha kwa macho. Akainuka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akamwekea mtoto risiti kifuani.

Nyemo aliishika kwa pembe zake, kama alivyoishika ile nyingine. Alimuuliza mama yake, "Nimelipa?"

"Umelipa."

"Nyote mmeona?"

Watu wa dirishani walisema wameona. Hakuamka, hakucheka, hakuomba chakula. Tulimrudisha nyumbani na homa yake. Ila safari hii mama yake aliwasha moto, na Nyemo alipopewa kidonge alikimeza kwa uchungu, akakunja uso, na kukunja uso kule ndiko kulikoniliza. Nililala pale, na Bwana Devji alilala garini akiwa amefunga milango kwa ndani, Ndahani ameketi nje akimlinda au akimzuia, hatukujua. Asubuhi bibi alitoka na kibuyu akasema mtoto ameomba uji, kisha amelalamika hauna ladha. Bwana Devji aliuficha uso wake katika usukani. Bibi alikuwa na kile kidau mkononi. Alikiweka juu ya jiwe la kusagia, akakivunja kwa jiwe dogo, polepole, akakisaga hadi vigae vikawa unga wa kahawia wenye wekundu. Kilikuwa kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuviona, mhuri wake ukiwa mzima. Bwana Devji alitazama hadi mwisho. Tangu hapo hatukutoka tena Jumapili.

Tulidhani yamekwisha. Lakini jina likishaingia katika daftari la kodi hudaiwa kila mwaka. Asiyelipa hutafutwa, asiyepatikana hupigwa mstari, na tulijua mstari huo ni wa rangi gani. Msimu wa kodi uliofuata Ndahani alikuja akasimama mahali palepale kando ya mizani. Alisema karani anamwita Nyemo. Bwana Devji akafungua droo bila kuuliza. Mwaka mwingine Bwana Shauri alikagua daftari mwenyewe. Karani Yoeli aliniambia baadaye kuwa alisimama nyuma yake, kidole cha yule mkubwa kikashuka hadi kwenye jina la mtoto, kikaona amelipa, kikapita. Hakuna mkubwa aliyewahi kuuliza habari za mtu anayelipa. Kazi ya kupeleka fedha ilikuwa yangu, na kila mwaka, tangu nitoke dukani hadi risiti iwe mkononi mwangu, nilitembea na hofu ileile, kwamba nitamkuta karani mgeni, au chupa zimebadilishwa mahali, au nimechelewa kwa siku moja. Nikirudi, Bwana Devji aliuliza neno moja: "Yupo?" Nami nilimjibu kwamba yupo, nikaiweka risiti mbele yake, akaitazama, akanirudishia nimpelekee mwenyewe. Nyemo alianza shule. Aling'oka meno na kuota mengine. Alikuwa msichana mrefu mwenye dharau kidogo, na alizitunza risiti zake katika kopo vizuri kuliko wanaume wengi wa pale.

Mwaka wa tisa ulikuwa wa mwisho. Mwingereza aliondoka, daftari lile likachukuliwa na sikuliona tena, na msimu ulipofika Ndahani hakuja. Tulimsubiri siku kadhaa tukiangalia mlango, bila kuambiana tunasubiri nini. Kisha Bwana Devji akaniomba nipige hesabu. Hazikuwa hesabu ngumu. Kiwango hakikubadilika kwa jina lake hata mara moja, kumi na mbili kwa mwaka, na jumla ya kodi aliyolipiwa Nyemo ni shilingi mia moja na nane.